Baipola: Dua Isimwondoe Mgonjwa Kwenye Dawa

Kijana hajalala siku ya nne na wala hachoki. Anazungumza mfululizo, anagawa pesa ovyo, anatangaza kwamba Mungu amemteua kuwa nabii. Miezi michache baadaye amejifungia chumbani, chakula hakitaki, anasema Mungu amemtupa. Nyumbani watasema amepagawa, ana majini, au karogwa. Si ajabu wakafikiri hivyo, maana mgonjwa mwenyewe anasema mambo ya dini.

Kitabibu, hali hizo mbili ni za ugonjwa mmoja uitwao baipola. Msisimko huo huitwa mania, na kwa kawaida hudumu wiki moja au zaidi. Huzuni nzito huitwa sonona, nayo hudumu wiki mbili au zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 40 waliugua baipola mwaka 2019. Mara nyingi huanza ujanani, na urithi wa ukoo huchangia sana. Mania huweza kukuza kile mtu anachokithamini: mfanyabiashara hujiona tajiri wa dunia, mcha Mungu hujiona nabii.

Dawa ipo. Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia alieleza jinsi lithiamu inavyotuliza mania, na hadi leo inatumika. Anayeimeza hupimwa damu mara kwa mara, kwa sababu ikizidi mwilini ni sumu.

Ndiyo maana viongozi wa dini, ambao familia nyingi huwakimbilia kwanza, wanapaswa kuujua ugonjwa huu. Kukosa usingizi huweza kuamsha mania, kwa hiyo mgonjwa aombewe mchana, usiku alale, mkesha haumfai. Upungufu wa maji hupandisha lithiamu katika damu, kwa hiyo anayetaka kufunga, iwe Ramadhani au Kwaresima, azungumze na daktari wake mapema.

Ibada humpa mgonjwa tumaini na watu wa kumjulia hali, na hayo hayapatikani katika kidonge. Lakini asiambiwe atupe dawa kwa kuwa amekwisha kuponywa: kuacha lithiamu ghafla huweza kurudisha ugonjwa kwa kishindo. Na akitamka kwamba anataka kufa, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na anayemwombea afuatane naye.