Kivu: Programu za kwenye wingu, je, zinafaa mfuko wa shirika dogo?

Kompyuta ikiibiwa, faili zake zinaenda nayo. Mashirika ya Goma yanalijua jambo hilo tangu mwisho wa Januari 2025, wakati AFC/M23 walipoingia mujini, na biro pamoja na dipo za mashirika mengi zikaporwa. Kabla ya hapo, Mei 22, 2021, volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava mpaka upande wa Buhene. Siku chache baadaye wakaaji wa sehemu kubwa ya muji wakaamriwa kuhama, wakaelekea Sake, Gisenyi na kwingineko. Anayekimbia na watoto na godoro habebi kompyuta ya biro.

Ndiyo maana watu wengi wanasifu "wingu", yaani programu na faili ambazo haziko bironi, bali kwenye mashini kubwa za mbali, na mutu anazifikia kwa njia ya intaneti. Lakini kwa chama cha wanawake wakulima, au kwa shirika la watu sita linaloishi kwa mradi mmoja, swali ni la feza: kulipa kila mwezi, mwaka hadi mwaka, kuna faida gani?

Bei ya programu yenyewe si siri. Microsoft 365 Business Basic, ambayo ni ya kutumia kwenye mutandao, ilikuwa ikiuzwa takriban dola 6 kwa mutu kwa mwezi katika mwaka wa 2025. Kwa bei hiyo, watu sita ni dola 36 kwa mwezi, yaani dola 432 kwa mwaka, na karibu dola 1,300 kwa miaka mitatu. Ukinunua Office 2024 ya kazi kwa kulipa mara moja, ni takriban dola 250 kwa kila kompyuta, kwa hiyo dola 1,500 kwa kompyuta sita. Hapo wingu linaonekana kuwa rahisi. Lakini LibreOffice haiulizi hata franka moja, na inaandika barua na kupiga hesabu za chama kidogo bila shida.

Kinachokula feza ni kingine. Tuseme shirika hilo linalipa intaneti dola 60 kwa mwezi: hiyo ni dola 720 kwa mwaka, zaidi ya programu yenyewe. Weka pia umeme, betri, au mafuta ya jenereta. Mafundi wa Ulaya wanapopiga hesabu ya wingu, mambo hayo hawayaandiki, kwa sababu kwao umeme na intaneti viko tayari. Huku kwetu ndivyo vinavyopaswa kuandikwa kwanza.

Tena intaneti yenyewe inakatika. Kuanzia Desemba 31, 2018, kisha uchaguzi, serikali iliifunga katika nchi nzima kwa muda wa karibu wiki tatu. Mei 12, 2024, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Afrika ya Mashariki ikabaki na mwendo wa kobe. Shirika ambalo orodha yake ya walipwaji iko wingu tu, siku kama hiyo halilipi mutu.

Kwa hiyo programu inayofaa huku ni ile inayokubali kufanya kazi bila mutandao, kisha ikatuma baadaye. Wafanyakazi wa mashirika ya Kivu wanaujua mufano mmoja muzuri: KoboToolbox. Mutu anajaza fomu kwenye simu huko kijijini, hata pasipo mutandao, na akirudi penye mutandao anatuma. Mashirika yasiyo ya faida yanaitumia bure kwa kiasi fulani. Google Drive na OneDrive pia zinaweza kuweka nakala ndani ya kompyuta, lakini lazima mutu aipange kabla ya mutandao kukatika, si baada.

Picha nazo zinahitaji akili. Picha 500 za simu, kila moja megabaiti 4, ni gigabaiti 2 za kupandisha. Zikipunguzwa mpaka kilobaiti 300, zinabaki megabaiti 150 tu, na mfadhili anaziona vilevile.

Kuna pia zawadi kwa mashirika yasiyo ya faida. Microsoft inawapa waliokubaliwa Business Basic bila malipo, mpaka watu 300. Ila shirika linapaswa kuthibitisha kwamba linatambuliwa kisheria, na kwa sheria namba 004/2001 ya Julai 20, 2001, utu wa kisheria unatolewa na Waziri wa Sheria, huko Kinshasa. Chama cha Walungu au Masisi ambacho kingali kinasubiri karatasi hiyo kinabaki mlangoni. Na zawadi si ahadi: ile ya Business Premium, iliyokuwa ya watu 10, Microsoft iliisimamisha tangu Julai 2025.

Kulipa nako ni mtihani. Kampuni hizo zinaomba karta ya banki, wakati feza za chama ziko kwenye simu, na banki za Goma zilifunga milango Januari 2025. Wengine wanaomba karta ya ndugu aliye Ubelgiji au Kanada. Ndugu akichoka, au akigombana na prezidenti wa chama, akaunti inafungwa. Hatari inayofanana nayo ni faili zote kukaa kwenye Gmail ya sekretere. Siku akipata kazi kwingine, historia ya shirika inaondoka naye. Isitoshe, akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15 tu, na isipotumiwa miaka miwili inaweza kufutwa.

Kuhusu hesabu, kanuni za OHADA kwa mashirika yasiyo ya faida, zinazoitwa SYCEBNL, zinatumika tangu Januari 1, 2024. Wauzaji wa programu wanaitumia habari hiyo kutisha watu. Lakini kanuni hizo zina mfumo mdogo kwa mashirika madogo, wa kuandika feza inayoingia na inayotoka, na jedwali la kawaida linautosha.

Kwa shirika la watu sita, hesabu ya busara ni hii: akaunti mbili za kulipia, moja ya mratibu na moja ya mtunza feza, kwa jina la shirika, na neno la siri lijulikane na watu wawili. Kwa bei ile ya dola 6, hiyo ni dola 144 kwa mwaka. Wengine watumie LibreOffice, na faili muhimu zipandishwe kila Ijumaa. Diski moja ya nje ikae nyumbani kwa memba, si bironi. Kabla ya kulipa mwaka mzima, wazime intaneti siku moja ya kazi, waone ni kazi gani zinasimama.