Kamera ya kumvizia ayala: usidanganywe na boksi

Juma hili nina barua kutoka Lexington, katika jimbo la Kentucky, Marekani, mji ambao wenzetu waliotoka Kongo wanaozungumza Kiswahili si wachache. Mwandishi wake anasema amekwisha kupita mafunzo ya uwindaji, leseni anayo, na mwenye shamba mmoja amemruhusu kuwinda katika kipande chake cha msitu. Mnyama mmoja tu, anasema, angempunguzia gharama ya kitoweo wakati wote wa baridi. Tatizo ni kwamba wenzake kazini wamemwambia bila kamera ya mtego atakaa juu ya mti siku nzima bure, naye ana dola 100 za kutumia, basi. Anunue ipi?

Swali ni zuri, na jibu lake linawafaa hata wasiowinda, kwa sababu kamera za namna hiyo hiyo ndizo zinazotegwa na watafiti katika hifadhi zetu.

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama. Anayewindwa huko si paa wala kulungu wa kwetu. Ni yule ambaye Biblia ya Kiswahili humwita ayala, na kusini ya Sahara hatunaye wa asili hata mmoja. Swala na paa wetu hubaki na pembe zao maisha yote. Dume la ayala hudondosha zake kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, kisha huota nyingine mpya. Ndiyo maana mwindaji wa huko hutega kamera tangu kiangazi, pembe zinapokuwa zimekwisha kuonekana, apate kujua ni madume gani yaliyopo, yanapita njia ipi, na hasa saa ngapi. Dume linalopita saa nane ya usiku tu halina faida kwa mtu aliyeruhusiwa kupiga risasi mchana.

Wazo lenyewe ni kongwe. George Shiras, aliyepata kuwa mbunge kutoka Pennsylvania, alikuwa akipiga picha za ayala usiku katika misitu na maziwa ya Michigan, wakati mwingine kwa kutandaza uzi njiani: mnyama akiugusa, kamera na mwako wa mwanga vinafyatuka kwa pamoja. Mwezi Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapa picha zake 74. Kamera ya leo imeondoa uzi ule na mahali pake imeweka kitambuzi cha joto.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, kwa hiyo naomba tukae kidogo. Kitambuzi hicho hakimwoni mnyama. Kinachokiamsha ni tofauti ya joto inayosogea mbele yake. Mwili wa ayala una joto kuliko hewa na miti ya Novemba, basi anapokatiza, kitambuzi kinasikia badiliko na kuiamsha kamera. Siku ya joto kali, majani na ardhi vinapokaribia joto la ngozi ya mnyama, anaweza kupita asitambuliwe. Na kinyume chake, nyasi ndefu zilizopigwa jua zikitikiswa na upepo zinaweza kuifanya kamera ipige picha mia za nyasi. Hilo si jambo dogo. Serengeti, kuanzia mwaka 2010, watafiti walitega kamera 225. Hadi mwaka 2013 walikuwa wamekusanya mafungu ya picha yapatayo milioni 1.2, na yaliyokuwa na mnyama ndani yake ni 322,653 tu. Karibu robo tatu zilikuwa tupu! Basi ukisikia mtu analalamika kwamba kamera yake ya bei ndogo inapiga picha za upepo, muulize kwanza kama alikata nyasi mbele yake.

Sasa tuje dukani. Boksi la kamera ya bei nafuu huwa limeandikwa kwa herufi kubwa idadi ya megapikseli: 24, 36, hata 48. Mimi ningeipita namba hiyo kama sikuiona. Kamera nyingi za namna hii zina jicho la megapikseli chache, halafu mashine ya ndani inajaza nukta za kubuni ili picha ionekane kubwa. Picha haiongezeki ukweli wowote. Inaongezeka uzito tu, inajaza kadi upesi na kuichelewesha kamera kuwa tayari kwa picha inayofuata. Kamera ikikuruhusu, chagua ukubwa mdogo.

Namba zinazostahili kutafutwa huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya boksi, nazo ni mbili. Ya kwanza ni muda kati ya kitambuzi kuamka na picha kupigwa. Tuseme ayala anakatiza kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde. Kamera inayochelewa sekunde moja na nusu itapiga wakati ameshasogea mita 3, na utakachopata ni mkia, tena ukiwa na bahati. Tafuta iliyo chini ya nusu sekunde. Hata katika zile za bei ya chini zipo. Lakini pia tumia akili mahali pa kutega. Ukiielekeza kamera kando kando ya njia, badala ya kuikatisha njia kama wembe, mnyama anakaa mbele ya lenzi kwa muda mrefu zaidi. Kwenye jiwe la chumvi, ambako mnyama husimama kulamba, mwendo huu hauna umuhimu mkubwa.

Namba ya pili wauzaji hupenda kuificha, nayo naiona kuwa kubwa kuliko ya kwanza: kamera inahitaji sekunde ngapi kujiandaa baada ya kupiga picha moja? Sikiliza kwa nini. Msimu wa kupandana huko Kentucky hufikia kilele chake mwezi Novemba. Siku hizo dume humfuata jike. Jike linatangulia, dume linakuja nyuma hatua chache. Kamera inayolala sekunde 20 au 30 baada ya kila picha itakuletea jike peke yake, siku hadi siku, nawe utasema msitu huu hauna dume, uhame, uende kutega kwingine. Kumbe lilikuwa linapita kila asubuhi.

Kuhusu mwanga wa usiku, zipo aina mbili za infraredi. Moja, ya nanomita 850, inafika mbali na picha yake ni safi zaidi, lakini mtu akiitazama inapowaka anaona wekundu hafifu. Nyingine, ya nanomita 940, haionekani kabisa kwa jicho la binadamu, ila haifiki mbali kama ile na picha huwa na chengachenga. Kama shamba lina uzio na wapitaji hakuna, chukua ya kwanza. Kama ni ardhi ya umma ambako kila mtu anapita, wekundu ule ni kama kumwambia mwizi, niko hapa. Kamera huibwa sana, tena mara nyingi na wawindaji wenzako.

Sasa betri, maana urahisi wa kamera huishia hapo. Nyingi zinatumia betri ndogo 8. Betri za kawaida za alkali hudhoofika penye baridi kali, hata kama zilionekana zimejaa siku ulipoziweka. Za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, na baadhi ya kamera za bei ndogo hudhani zimekwisha wakati bado. Mwanga wa usiku ndio unaoanza kufifia. Za lithiamu ni ghali, lakini hustahimili baridi na hushikilia nguvu yake karibu hadi mwisho. Tupige hesabu ya mfano. Kamera ya dola 40 inayokula betri 8 kila mwezi kwa miezi 6, kwa dola moja kila betri, inakugharimu dola 88 msimu wa kwanza. Ya dola 90 inayomaliza msimu kwa betri 8 hizo hizo inakugharimu 98. Msimu wa pili ile ya kwanza imefika 136, na hii ya pili 106. Na sijahesabu petroli ya kwenda kubadilisha betri kila mwezi, wala harufu yako unayoiacha msituni kila unapoingia. Ayala ana pua, msikilizaji, si mchezo.

Zipo pia kamera zinazotuma picha moja kwa moja kwenye simu yako. Bei yake imeshuka sana miaka hii, lakini unalipia mtandao kila mwezi, na mahali pasipo na mtandao ni boksi tu lililofungwa mtini. Kwa mwenye dola 100, ada hiyo ndiyo inayokula bajeti. Isitoshe, kamera za mtego zimezua mabishano makubwa kati ya wawindaji wenyewe. Jimbo la Arizona ni kame, na vyanzo vya maji ni vichache; ilifika mahali kisima kimoja kinazungukwa na kamera za watu wengi, na kila mwenye kamera anakuja kuikagua, wanyama wanakosa nafasi ya kunywa kwa utulivu. Tume ya wanyamapori ya jimbo hilo ilipiga marufuku kutumia kamera hizo kwa ajili ya kuwinda kuanzia Januari 2022. Utah nako mwaka huo waliziwekea marufuku tangu mwisho wa Julai hadi mwisho wa Desemba, na Nevada ilikuwa imekwisha kuweka mipaka yake kabla yao. Wapo wanaosema mnyama asiyepewa nafasi ya kukwepa hakuwindwa, amechinjwa. Wengine wanajibu kwamba anayejua mapema ni dume gani atampiga hakosei akaua mwingine. Mimi naona pande zote mbili zina hoja, ila ile ya picha kufika simuni dakika ile ile mnyama anapopita inanikaa vibaya. Kila jimbo lina kanuni zake na hubadilika, kwa hiyo msomaji wa barua yangu aulize idara ya wanyamapori ya Kentucky kabla ya kulipa, si baada.

Kwa upande wa utafiti, hakuna mabishano kama hayo. Mwaka 2005 kamera ya mtego katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, ilinasa picha ya sengi mwenye uso wa kijivu ambaye wataalamu hawakuwa wakimjua. Mwaka 2008 akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya.

Turudi kwenye zile dola 100. Ushauri wangu ni kamera moja isiyozidi dola 65, yenye dhamana ya mwaka na mpira mzuri wa kuzuia maji kwenye mlango wake. Kinachobaki kiende kwenye betri 8 za lithiamu na kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 32 kutoka duka linaloaminika, kwa kuwa kadi bandia ni nyingi na lawama huangukia kamera. Usinunue kamera mbili za dola 35 ili tu uwe na mbili. Na kabla ya kuchagua, usitazame picha za mchana za tangazo. Tafuta picha za usiku zilizopigwa na watu walioinunua.

Ukishainunua, usikimbilie msituni. Ifunge nyumbani, kimo cha mita moja hivi, ikitazama kaskazini ili jua lisiingie kwenye lenzi. Pita mbele yake kwa mita 5, 10, kisha 15, mchana na usiku, ukihesabu mara ulizopita, halafu linganisha na idadi ya picha. Tazama kama saa na tarehe ziko sawa. Iache nje usiku wa mvua na usiku wa baridi, kisha fungua uone kama kuna ukungu ndani ya kioo. Fanya hivyo wiki ya kwanza, risiti ikiwa mfukoni na siku za kurudisha bidhaa zikiwa hazijakwisha.