Mashini Ndogo Inaita Watu

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayemngoja nyumbani,

Kabla ya kupata jiwe la chokaa hapa Kabimba, lazima udongo wa juu uondolewe, na kabla ya udongo, miti. Kuangusha mti si kazi ndefu. Kazi inaanza pale mti umekwisha kulala na kisiki kimebaki. Hapo linakuja swali: tutume mashini gani ya kuchimba? Wengi wanafikiri ni swali la watu wa mashini na watu wa mafuta. Sisi wa dispanseri tunasema ni letu pia, maana mashini ikichaguliwa vibaya, mguu uliovunjika unaletwa kwetu.

Tazama namna inavyokwenda. Wametuma mashini ya tani 5 kwa sababu inakula mafuta kidogo. Inakuta kisiki cha mubanga, kinene kama pipa. Inavuta, kisiki hakitikisiki. Inavuta tena, nyuma yake inanyanyuka. Ndipo kapita anaita vijana wawili na mashoka wakate mizizi shimoni, mwingine afunge mnyororo. Sasa kuna watu watatu chini ya mkono wa chuma, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na mtu hata mmoja. Mnyororo ukikatika unarudi kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Mzizi uliopindwa ukiachia, unapiga kama fimbo. Na dereva, macho yake yakiwa kwenye kisiki, akizungusha mashini, uzito wa nyuma unamkuta aliyesimama kando na kumbana kwenye mti au jiwe. Ndiyo maana tunasema mashini ndogo inaita watu. Ile inayotosha inafanya kazi peke yake, na dereva ndani yake.

Basi, inayotosha ni ipi? Usiangalie kisiki cha kwanza karibu na barabara. Zunguka shamba lote, utafute kilicho kikubwa kuliko vyote, upime mashini kwa hicho. Mashini ya tani 5 au 6, meno ya ndoo yake yanang'oa kwa nguvu ya tani 4 hivi. Ya tani 20 inafika tani 14 hivi. Kwa vichaka na miti ya unene wa paja, ile ndogo inatosha. Kwa mubanga, mupapi na miombo iliyozeeka, ombeni ya tani 20 au zaidi. Michikichi inadanganya macho: shina ni nene, lakini mizizi yake ni myembamba kama kamba, nayo inatoka vizuri kuliko unavyofikiri.

Ujue pia kwamba nguvu hiyo si ile ile mahali pote. Mkono ukinyooshwa mpaka mwisho, uzito ambao mashini inaweza kunyanyua unapungua sana, na hapo ndipo inapinduka. Kwenye miteremko yetu inayoshuka kuelekea ziwani hatari inaongezeka. Dereva asogee karibu na kisiki, asimame pa tambarare, na mashini iwe ya mikanda ya chuma, si ya matairi.

Mawe ya chokaa yana shida yake. Udongo juu yake mara nyingi ni mchache, na mizizi inaingia katika nyufa za jiwe na kulikumbatia. Unang'oa kisiki, kinakuja na jiwe zima, na likifika juu linaachia. Kwa hiyo kibanda cha dereva kiwe na kinga ya chuma juu na mbele. Zipo sheria za dunia nzima za kupima kinga hizo: ISO 10262 kwa vitu vinavyoanguka, na tangu mwaka 2008 ISO 12117-2 kwa mashini inayopinduka, ikiwa inapita tani 6. Namba hizo zinaandikwa kwenye kibao cha chuma juu ya kinga yenyewe. Dereva, kitafute kibao hicho kabla ya kuwasha mota. Na mkanda wa kiti ufunge, maana mashini ikipinduka, anayeruka nje ndiye anayebanwa chini yake.

Ndoo pana ni ya kupakia udongo. Kwa visiki ombeni jino moja nene la kupasulia, ambalo linaweka nguvu yote mahali pamoja. Dereva anakata mizizi pande tatu, kisha anasukuma kwa upande wa nne. Wakataji nao wasikate chini kabisa: shina likibaki la mita moja au zaidi, mashini inapata pa kusukumia. Pale ambapo wachoma makala wamepita zamani, shina limekwisha kukatwa fupi. Hapo hesabuni mashini kubwa zaidi.

Ng'ambo ya ziwa letu, Tanganyika ya Waingereza iliyaona haya kwa bei kali. Mwaka 1947 walianza shamba la karanga Kongwa, mashariki ya Dodoma. Walitaka kufyeka eka zaidi ya milioni tatu. Walileta matrekta na mabuldoza yaliyobaki kutoka vita. Kulaza pori kulikwenda. Mizizi ndiyo iliyowashinda, na kabla mwaka haujaisha mashini nyingi zilikuwa zimelala zimevunjika. Nyuki nao waliwauma watu. Januari 1951 kazi ilifungwa, na paundi karibu milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Walinunua mashini kabla ya kuijua ardhi.

Mama, sasa ni zamu yako. Tunajua kisiki kilichong'olewa ni kuni nzuri, na tunajua wanawake na watoto wanafuata nyuma ya mashini na vikapu. Msiingie inapofanya kazi. Dereva hakuoni nyuma yake, na kwa kelele ile hasikii sauti yako. Visiki vilivyorundikwa vinaweza kuporomoka, na nyoka aliyekaa chini ya mizizi amekwisha kuamshwa. Ngojeni mpaka mota inyamaze na kapita atoe ruhusa. Anayechomwa na mti au msumari aje dispanseri siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano ya pepopunda, hata kama kidonda ni kidogo.

Limebaki shimo. Mvua zikianza Oktoba, shimo la kisiki linajaa maji, na mbu wa malaria anapenda sana maji madogo yenye jua. Toka yai mpaka mbu anayeruka ni siku 7 mpaka 14 tu. Shimo lililochimbwa Jumatatu lifukiwe Jumatatu, na mashini ile ile, kabla haijahamia kisiki kingine. Ukiona limeachwa wazi karibu na kambi, njoo utuambie dispanseri mahali lilipo.