Jinsi Nyota Zinavyotudanganya

Tukitoka bwenini hapa Masama usiku usio na mawingu, twaona nyota tele. Je, mtu ajuaje nyota imefanywa kwa vitu gani, naye hawezi kufika huko? Huipitisha nuru yake katika chombo kinachoitenga rangi zake, mfano wa upinde wa mvua. Kati ya rangi hizo huonekana mistari myeusi, na kila elementi ina mistari yake.

Lakini makosa ni mengi. Kwanza, hewa yetu na mvuke wake huongeza mistari isiyo ya nyota. Pili, mistari hupandana: katika nuru ya Jua, mstari mmoja wa oksijeni umechanganyika na wa nikeli; asiyeiondoa nikeli huhesabu oksijeni kupita kiasi. Tatu, nalo ni kubwa, ni kosa la joto. Sokoni, mwenye sauti kubwa si lazima awe na ndizi nyingi. Vivyo hivyo mstari mzito si dalili ya kitu kingi, maana joto huweza kuukoleza au kuufifisha.

Mwaka 1925 Cecilia Payne, huko Marekani, alilihesabia joto hilo, akaona haidrojeni yapita vitu vyote kwa wingi. Profesa Henry Norris Russell alimwambia haiwezekani. Payne akaandika kwamba karibu yakini jibu hilo si la kweli. Mwaka 1929 Russell mwenyewe alipata jibu lile lile.

Basi, mwanafunzi mwenzangu, ukipata jibu la ajabu maabarani, usilifute upesi. Pima tena.