Habari za uongo: nani analipa?

Umetumiwa habari ndani ya kikundi cha WhatsApp. Unafungua. Juu kuna kichwa cha kutisha, chini kuna tangazo la benki kubwa ao la simu mpya. Unajiuliza: kampuni kama ile inatafuta nini mahali kama hapa?

Mara mingi kampuni yenyewe haijui kama iko pale. Kwa radio ao gazeti, kampuni inachagua mahali, inalipa, tangazo linapita. Kwenye intaneti haiko vile: kampuni inanunua macho ya watu. Ukifungua ukurasa, mashine zinaangalia uko inchi gani, unatumia simu gani, unapenda kutafuta nini. Palepale zinafanya mnada, na mwenye kutoa bei ya juu anaweka tangazo lake. Yote inaisha mbele ukurasa haujafunguka wote. Mwenye ukurasa anapata sehemu yake ya makuta, hata kama yenye ameandika ni bongo tupu.

Vijana wa Veles, mji mdogo wa Macedonia, walielewa hii mapema. Mwaka 2016 kurasa zaidi ya 100 juu ya siasa ya Marekani zilitoka kule. Wengi wao hawakujali Trump ao Clinton. Waliona tu kwamba bongo za kumusifu Trump zinatembea sana kwenye Facebook, na matangazo yenye Google ilikuwa inaweka yanalipa. Mwezi wa 11 mwaka ule, Google na Facebook zilisema zitafunga njia ya pesa kwa kurasa za namna hiyo. Lakini kufungua ukurasa mpya ni kazi ya dakika chache.

Je, makampuni hayana namna? Benki JPMorgan Chase ilikuwa inaonekana kwenye kurasa 400,000 hivi kwa mwezi. Mwezi wa 3 mwaka 2017 ilibakiza 5,000 tu, zenye watu wamehakikisha. Hasara? Haikuiona.

Hapa kwetu tunajua bei ya bongo. Wakati wa Ebola Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, uvumi kwamba ugonjwa hauko ulifanya wengine waogope vituo vya matunzo. Si kila uvumi unatafuta pesa. Lakini wenye kutafuta pesa wanajua kwamba woga unafungulisha watu haraka.

Sasa tufanye nini? Usirudilie kufungua ukurasa wenye unashuku, na usiutume kwa wengine «ili waone tu»: kila jicho linahesabiwa. Ukiona tangazo la kampuni yenye unajua, piga picha ya kioo cha simu, uitumie kampuni ile. Huko Marekani, tangu 2016, kikundi Sleeping Giants kilifanya vile, na makampuni mengi yaliondoa matangazo yao kwenye ukurasa wa Breitbart. Kampuni inaweza kusema haikujua. Ikishaonyeshwa, haiwezi tena.