Mche wa tungule usiuhamishe kabla mvua haijatulia

Kila Mei mkulima wa Pemba huwa na mtihani. Miche ya tungule imeshasimama kitaluni, sokoni tungule zimeadimika, na masika bado hayajatulia. Aihamishie shamba sasa aiwahi bei, au angoje? Angoje.

Wakulima wa Ulaya huchelea baridi ya usiku. Jalidi ya usiku mmoja huua shamba zima. Sisi tunachelea maji na joto. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na udongo ukishiba maji mizizi hukosa hewa. Hapo ndipo mnyauko wa bakteria unaposhamiri: mmea huamka mzima, adhuhuri umelegea, na dawa ya kuuponya hakuna. Majani yanayolala na maji ya mvua nayo huliwa na bakajani.

Ukichelewa sana, utakutana na joto la kaskazi. Tungule huzaa vizuri usiku ukiwa na ubaridi kidogo. Joto la usiku likipanda kupita nyuzi 24 au hivi, chavua hudhoofu na maua hupukutika bila kushika.

Baina ya hatari hizo mbili Mungu ametupa kipupwe. Sia mbegu katikati ya Mei, chini ya kivuli cha makuti, na miche itakuwa tayari baada ya wiki nne au tano, ikiwa na majani halisi manne au matano. Wiki ya mwisho punguza maji na kivuli, ipate kukomaa. Mabondeni, wanaongoja mpunga uvunwe wana nafasi ya pili, Julai hadi mwanzo wa Agosti.

Lakini kalenda pekee haitoshi. Chukua udongo wa kina cha kiganja, uufumbate. Ukiganda kama unga wa maandazi, ngoja. Ukimeguka kwa kidole, hamisha. Fanya kazi hiyo jioni, sentimita 50 baina ya mche na mche, 60 au zaidi baina ya mistari. Mwagilia shinani, tandaza mabua makavu, na simamisha vigingi mapema, maana kusi halina huruma na mmea mrefu. Kiwanja kilichokuwa na biringani au pilipili msimu uliopita, kiache. Maradhi yake ni yale yale.

Ama ile bei ya Mei, tuihesabu. Tungule huanza kuiva siku 60 hadi 80 baada ya kuhamishwa. Anayehamisha katikati ya Mei huvuna mwisho wa Julai, bei ya masika imeshapita. Aliyengoja Juni huvuna Agosti. Haraka yote hiyo imempa mwezi mmoja, na kwa mwezi huo ameliweka rehani shamba zima. Anayeitaka bei ya masika ajenge paa la nailoni kwanza, ndipo apande kabla ya mvua.