Mboji ya Tope la Maji Taka: Rahisi Kununua, Ngumu Kuitoa Shambani

Mvua ziko mlangoni na bustani inataka mbolea. Mboji ya tope la maji taka mara nyingi ndiyo ya bei ya chini, na muuzaji atakuapia kwamba joto la lundo limeua kila kibaya. Kwa mayai ya minyoo ni kweli, ikiwa lundo lote lilipata nyuzi joto 55 au zaidi kwa siku kadhaa na likageuzwa. Kwa plastiki, hapana.

Mitambo ya kusafisha maji hunasa sehemu kubwa ya chembe za plastiki, nazo huishia kwenye tope: nyuzi za nguo za polista na vipande vya vifungashio. Watafiti wa China walichapisha mwaka 2020 matokeo ya lundo la joto kali kuliko la kawaida: kwa siku 45 chembe zilipungua asilimia 43.7. Ni hatua ya maana, lakini zaidi ya nusu zilibaki. Chekeche nalo hupitisha nyuzi nyembamba kuliko unywele.

Sasa pesa. Usilinganishe bei za viroba, linganisha ukavu. Kiroba cha kilo 50 ambacho nusu yake ni maji kinakupa kilo 25 tu, na umelipia usafiri wa kilo zote 50. Kamua konzi moja. Maji yakichuruzika, dai punguzo au ondoka. Kisha tandaza kidogo kwenye sahani nyeupe juani. Ukiona vinyuzi vya rangi, hivyo ni vile vikubwa tu.

Badala ya tope, samadi ya ng'ombe hupatikana karibu kila mahali na hulisha udongo polepole. Gharama yake iliyojificha ni palizi, kwa kuwa ikiwa mbichi huja na mbegu za magugu. Ya kuku ina nguvu zaidi, kidogo hutosha, ila isipoiva huunguza miche. Ya bure ni mboji ya nyumbani: maganda, majani, majivu kidogo. Hiyo inakudai miezi, kwa hiyo haikufai msimu huu, lakini lianze lundo leo.

Kwa mchicha, nyanya na mboga za kachumbari, nunua samadi iliyoiva hata ukiongeza hela kidogo. Ya tope iache kwa miti na maua, tena ukionyeshwa kumbukumbu za joto. Plastiki ikishachanganyika na udongo, hakuna kibarua wa kuiokota.